Kumtafuta Chura Mdogo

Fundi miwani alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na ndani ya mlango wa kabati lake la nguo alikuwa amebandika picha ya msichana wa katuni mwenye upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe. Aliibandika ndani, si ukutani, kwa sababu wifi yake alikuwa na mazoea ya kuingia kabla hodi haijaitikiwa, na kwa wifi huyo katuni zilikuwa mambo ya watoto, sawa na dawa ya minyoo yenye ladha ya chungwa. Fundi aliacha kubishana naye zamani. Asubuhi alikunywa chai huku akitazama nusu ya kipindi cha anime, katuni za Kijapani, kwenye simu, macho yakiyakimbiza maneno ya chini, na nusu iliyobaki aliimalizia saa ya chakula cha mchana, nyuma ya mashine ya kusagia lenzi, sikio moja likiwa kwenye simu na jingine likimsikilizia mzee.

Mzee ndiye aliyekuwa mwenye duka. Alikaa mbele na wateja, akiwapima macho na kuwasifia fremu ambazo wala haziwakai. Fundi alikaa nyuma, katika chumba kisicho na dirisha, akipokea vipimo, akichagua lenzi, akisaga ukingo wake kidogo kidogo mpaka ukae kwenye fremu bila kucheza, kisha akikaza skrubu ndogo kama punje ya ufuta. Juu ya mashine alikuwa amesimamisha kisanamu cha plastiki cha joka lililovaa miwani. Mzee alikuwa akikiona kila siku na kudhani ni tangazo la kampuni ya lenzi.

Jioni ndipo siku yake ilipoanza hasa. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, na lifti hazina adabu, hukwama wakati watu wanatoka kazini. Kwa hiyo mara nyingi alikula peke yake, akaosha sahani, akajilaza kwenye kochi na kuingia katika gemu aliyoipenda kuliko zote, Mji wa Mawinguni. Humo kila mchezaji hupewa kipande chake cha wingu, akajenga nyumba, akapanda miti, na jua la humo linapozama majini ya ukungu hutoka, na wachezaji hulazimika kukusanyika na kuyapiga kabla hayajaila miti yao. Fundi alikuwa msichana mwenye masikio ya paka na sare ya shule, jina lake Pakamwezi. Alikuwa mchezaji hatari. Majini yalimjua.

Humo ndimo alimokutana na Chura Mdogo.

Alikuwa kijana mfupi mwenye kofia ya kijani yenye macho mawili ya chura juu yake, na alipomwona mara ya kwanza alikuwa anapigana na mti wake mwenyewe. Pakamwezi alimwonyesha jini liliko. Kesho yake alimwonyesha jinsi ya kujenga ukuta. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wanacheza pamoja kila jioni, yeye akitoa amri, Chura akizikosea. Aliandika vibaya, herufi nyingine zikirukwa na nyingine zikijirudia, kama mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuziunganisha, na hilo, pamoja na jina, pamoja na kofia, likamfanya fundi aamue bila hata kujua kuwa ameamua: huyu ni mtoto. Wa miaka tisa hivi. Kumi, akizidi.

Na mtoto mwenyewe alikuwa wa ajabu. Siku moja mzee alimgombeza fundi mbele ya wateja kwa sababu lenzi ilimponyoka ikapasuka. Jioni, roho ikiwa bado imesinyaa, aliandika, "Mzee kanigombeza leo mbele za watu, eti nimevunja kioo." Chura akajibu kwa herufi zake zilizopinda kwamba asilie, kioo hununuliwa kingine, na kwamba watu wazima wengine wamesahau kuwa nao walivunja vyao. Fundi aliyasoma maneno hayo mara tatu. Akajiuliza mtoto wa miaka tisa ameyatoa wapi.

Siku nyingine aliandika kwamba baba bado hajarudi, amekula peke yake. Baba ni mumewe. Waliitana hivyo, Mama na Baba, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa matumaini, kama watu wanaotandika meza kabla mgeni hajafika. Mgeni hakufika. Majina yakabaki, yakazoeleka, hata hawakuyasikia tena. Chura alimpa pole, akamwuliza kama amefunga mlango vizuri, akamwambia asimfungulie mtu asiyemjua. Fundi alicheka peke yake kwenye kochi, lakini aliinuka akaenda kuukagua mlango.

Yaliyomtatiza yalikuwa mengine. Chura alisema wanamwamsha kabla ya jogoo kuwika, aende kazini. Alisema ameungua mkono kwenye tanuri. Mara moja, walipopigwa vibaya na majini, aliandika, "Ukubwa jalala," akatoka kwenye gemu. Fundi alibaki ameshika simu. Ni nyumba gani hiyo inayomwamsha mtoto alfajiri akahangaike na tanuri? Alimwuliza wazi ana miaka mingapi, na Chura akajibu, "Nimeshakua," jibu ambalo kila mtoto duniani hulitoa. Kisha Chura naye akamwuliza yeye. Fundi alikumbuka kwamba mtu mzima anayechati na mtoto asiye wake anaweza kufikiriwa mengi, akajibu kuwa ni siri.

Kwa sababu hiyohiyo hakuwahi kumpigia aongee naye kwa sauti. Aliona aibu. Angemwambia nini? Na mtoto akisikia sauti ya mtu mzima, si ataogopa na kukimbia?

Alimweleza mumewe. Fundi wa lifti alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kusikiliza mashine na kukisia panapougua. Alisikiliza, akatafuna, akasema labda ni mtoto anayelelewa na ndugu, na ndugu wengine ndivyo walivyo. Fundi aliuliza kama waripoti mahali. Mumewe aliuliza waripoti nini, kwamba kuna chura ameungua mkono. Fundi hakucheka, na mumewe akaona kuwa jambo hili limekwisha kuingia ndani zaidi ya alivyodhani.

Kisha Chura akapotea. Jioni ya kwanza fundi alidhani simu yake imeisha chaji. Jioni ya pili alilinda wingu la Chura peke yake, akipiga majini huku akigeuka kila mara kuona kama ile kofia ya kijani itachomoza. Kazini alisaga lenzi ya kushoto kwa vipimo vya kulia, na safari hii mzee hakugomba, alimtazama tu, jambo lililomtisha zaidi.

Chura aliporudi, aliandika mstari mmoja. "Bibi kalazwa. Niko pke yangu nyumbni. Sina hamu ya kula."

Fundi aliinuka kutoka kwenye kochi kama aliyeitwa. Bibi, kumbe, ndiye aliyekuwa akimlea. Sasa bibi yuko hospitali na mtoto yuko peke yake ndani ya nyumba yenye tanuri. Aliuliza ni hospitali gani. Kwamba wako mji mmoja walikwisha kujua siku nyingi, umeme ulipokatika kwa wote wawili katikati ya vita na kurudi kwa wote wawili dakika ileile. Chura alijibu kuwa ni hospitali kuu, wodi ya wanawake, ghorofa ya pili. Fundi akaandika kwamba Jumamosi atakuja kumwona bibi.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa na haraka ndani yake. "Usije peke yako. Njoo na baba."

"Baba atanileta," aliandika fundi.

"Baba anajua?"

"Anajua."

Basi ni vizuri, alisema Chura, atawasubiri nje ya wodi, atavaa kofia ya kijani. Fundi alimwambia naye asitoke nyumbani bila kumwarifu mtu mzima. Chura alituma kile kisura cha manjano kinachocheka mpaka machozi, na fundi hakuelewa kilichomchekesha mtoto katika hali kama ile.

Jumamosi mchana alitengeneza mkoba. Aliweka maziwa, ndizi, mkate mkubwa, penseli za rangi, sweta dogo alilolinunua kwa kukisia urefu, na mswaki. Mumewe aliusindikiza mswaki kwa macho ulivyokuwa ukiingia mkobani, asiseme neno mpaka walipofika kwenye ngazi za hospitali.

"Mama, tusikilizane," alisema, akisimama. "Tukimkuta tutamjulia hali, tutajua anakaa na nani, tutamwachia namba zetu. Lakini hatutamchukua."

"Nani kasema tutamchukua?"

"Mkoba ndio unaosema."

Fundi alitazama chini kwenye mkoba. Alikuwa amekwisha kuwaza chumba cha nyuma cha nyumbani kwao, mahali ambapo kitanda kingekaa, na kwamba boksi la gemu za zamani lingesogezwa chini ya dirisha. Alijikuta ana hasira na mumewe kwa kuyaona mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwa amejikubalia. Akapanda ngazi mbele yake.

Ukumbi wa ghorofa ya pili ulikuwa na kuta zilizopakwa rangi ya samawati mpaka usawa wa bega, na juu yake nyeupe. Mabenchi yalipangwa kando ya mlango wa wodi, na wageni walikaa wakisubiri kengele ya saa ya kuwaona wagonjwa, vyakula mapajani. Mumewe alikwenda kumwuliza mlinzi wa mlangoni kama amemwona mtoto anayetembea peke yake. Fundi alipita polepole mbele ya mabenchi, macho yakiwa usawa wa kiuno, akitafuta kofia. Aliona watoto wanne, wote wamekumbatiwa na mama zao. Alichungulia nyuma ya mlango wa ngazi. Alirudi, akaketi mwisho wa benchi, karibu na mtu mzima mmoja aliyekuwa naye anachungulia kila upande.

Mtu yule alikuwa amevuka miaka sitini, mfupi, amenyoa ndevu vizuri, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya moto hadi kwenye viwiko. Mapajani alikuwa na mfuko wa karatasi ambao mdomo wake aliufunga na kuufungua. Hatimaye alimgeukia fundi akaomba samahani, akamwuliza kama amemwona msichana mdogo, labda wa miaka kumi na mmoja, kaja na baba yake.

Fundi alisema hajamwona. Na kwa kuwa kuuliza si ujinga, naye akamwuliza, "Na wewe mzee, hujamwona mvulana hapa? Mfupi, kavaa kofia ya kijani."

Mkono wa mtu yule ulipanda polepole, kama usio wake, ukagusa kichwa chake. Kofia ilikuwa pale. Ilikuwa ya sufu, ya kijani, na fundi alikuwa ameipita mara mbili kwa sababu ilikuwa juu mno.

Mumewe alikuwa anarudi kutoka kwa mlinzi, anatikisa kichwa kwamba mtoto hajaonekana.

"Pakamwezi?" aliuliza mtu yule, kwa sauti ndogo kabisa.

Fundi alitazama nyuma ya mtu yule, kana kwamba mtoto angeweza kuwa amejificha mgongoni kwake. Kisha akasema, "Chura ni wewe?" na mara ile, kwa mazoea ya malezi, akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Chura Mdogo, na macho yake yakajaa maji, fundi asijue kama ni ya kicheko au ya nini.

Mambo yalifumuliwa pale pale kwenye benchi, kwa sentensi zilizokatikakatika. Alikuwa mwoka mikate. Wajukuu zake ndio walioiweka gemu kwenye simu yake na kumpa lile jina, kwa kuwa ni mfupi, kisha wakahamia mbali pamoja na wazazi wao, na yeye akabaki akicheza ili wakirudi wamkute anajua. Hawakuiulizia tena. Aliandika vibaya kwa sababu herufi za simu hakuziona vizuri. Wanaomwamsha alfajiri ni wenzake wa zamu. Bibi ni mkewe, aliyemwita hivyo tangu mjukuu wa kwanza azaliwe. Na yeye kwa upande wake alikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba Pakamwezi ni mtoto wa shule mwenye baba anayechelewa na babu mkali anayemgombeza hadharani kwa ajili ya kioo. Alitaka kumpigia simu mara nyingi. Akaogopa kwamba mzee mzima akimpigia mtoto wa watu simu, watu watasema nini.

Mumewe fundi alikuwa amesimama na mkoba, akiwatazama kwa zamu. "Kwa hiyo mtoto yuko wapi?" aliuliza.

"Hakuna mtoto," alisema fundi.

Kengele ililia. Mwoka mikate alisimama, akasita, akasema kwamba kuna jambo moja. Bibi amekuwa akisikia habari za Pakamwezi kila jioni tangu mwanzo, na leo amekataa kulala mchana ili amwone. Wakaingia.

Bibi alikuwa kitanda cha dirishani, ameteguka nyonga, mguu umeegemezwa kwenye mito. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye macho makali, na alipoona watu watatu wanakuja alichungulia katikati yao kutafuta wa nne.

"Yuko wapi mtoto?"

Mwoka mikate alishika chuma cha kitanda. "Ndiye huyu," alisema.

Bibi alimtazama fundi kuanzia viatu, akapanda hadi nguo, akafika usoni, akakaa hapo muda mrefu. "Mbona mkubwa?"

Bibi akamgeukia mume wa fundi, akauliza kama huyu ndiye baba. Fundi wa lifti, ambaye bado alikuwa anayapanga mambo kichwani, akasema ndiye. Bibi akamwuliza kwa nini anachelewa kurudi na kumwacha mtoto ale peke yake, na yeye, kwa mshangao wa mkewe, akainamisha kichwa na kuomba radhi. Alisema ni lifti. Bibi alisema lifti si udhuru.

"Na yule mzee anayekugombeza?" alimwuliza fundi.

"Ni bosi wangu, bibi."

"Hata kama. Asikugombeze mbele za watu."

Hapo fundi alilazimika kugeukia dirisha. Alijifanya anatazama paa la jengo la pili, ambako mtu alikuwa anaanika mashuka. Hakujua analia nini. Kila mtu aliyemhofia alikuwa salama, bibi alikuwa anapona, na mtoto aliyenyimwa usingizi na kuunguzwa mikono hakuwahi kunyimwa wala kuunguzwa. Ilikuwa habari njema kila upande aliouangalia. Lakini alihisi kama aliyefiwa, na tena kama mpumbavu, na katikati ya hivyo viwili palikuwa na furaha kidogo iliyokosa mahali pa kukaa.

Mkoba ulifunguliwa kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Mwoka mikate alitoa mkate, akaugeuza, akautambua kuwa ni wa kiwanda chao, akaubonyeza kwa kidole na kusema huu ni wa zamu ya mchana, hawaumui vya kutosha. Bibi alichukua penseli za rangi akasema atazitumia, maana siku hospitalini hazina mwisho. Sweta lilibaki mkobani, na mswaki. Walipoagana mlangoni, mwoka mikate alimkabidhi fundi mfuko wake wa karatasi bila kumtazama. Ndani mlikuwa na utepe wa kichwa wenye masikio mawili ya paka, wa saizi ya mtoto.

Njiani mumewe alibeba mkoba. Walitembea mtaa mzima, wakapita duka la mabomba na kituo cha mafuta. Hatimaye akasema, "Hakuna aliyekufa, Mama."

"Najua. Ndiyo maana sielewi."

Kwa mara ya kwanza fundi aliona kwamba mumewe alikuwa ameushika ule mkoba kifuani, kwa mikono yote miwili, ingawa ulikuwa mtupu karibu wote. Akajiuliza kama mwenzake naye alikuwa amekwisha kukipima chumba cha nyuma. Hakumwuliza. Mambo mengine ukiyauliza utalazimika kuyajibu nawe.

Jumapili ya wasiwasi ilipita, na Jumatatu jioni aliingia Mji wa Mawinguni. Chura alikuwepo, amesimama mbele ya ukuta wake. Zamani angemwandikia, "We kichwa boga, ukuta huo nani kakujengea?" Sasa aliandika, "Shikamoo." Chura akajibu, "Marahaba, mwanangu." Kisha wakasimama pale, msichana wa paka na mvulana wa chura, kama wageni kwenye sebule ya msibani. Jua likazama, majini yakatoka. Pakamwezi aliona jini likimjia Chura kwa nyuma. Kumwambia mtu mzima kama baba yake "kimbia, mjinga wewe" aliona haiwezekani, na alipokuwa anatafuta namna ya heshima ya kumwomba akimbie, jini likamla. Chura aliomba msamaha. Fundi naye akaomba msamaha. Usiku ule, humo ndani, walipoteza miti yote.

Iliendelea hivyo siku kadhaa. Alijaribu kuzisoma chati zao za zamani ili ajue ni wapi alipodanganywa, na hakupaona. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliyeungua aliungua kweli, aliyechoka alichoka kweli, na yule aliyemwambia asilie alitaka kwa moyo wote asilie. Yeye ndiye aliyeyavika maneno kaptura ya shule. Lakini akisoma mstari wowote, sauti aliyoisikia bado ilikuwa ya mtoto, na akijilazimisha kumwona mzee wa kofia ya sufu, mstari ule uligeuka kuwa wa mtu ambaye hamjui. Kazini, mteja mmoja aliporudisha miwani akilalamika kuwa inamwonyesha mke wake mkubwa mno, alicheka mpaka akajifuta machozi, akawaza, hili nitamwambia mtoto. Kicheko kikakatika.

Chura akaanza kukosekana. Jioni moja alifika, akaondoka bila kupiga hata jini moja. Kisha, bibi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, ujumbe uliingia ukiwa na tahajia safi kabisa.

"Hapa ni bibi. Nimemnyang'anya simu. Mwite kama ulivyokuwa unamwita. Hizo shikamoo zako tutazipokea ukija hapa nyumbani. Humo ndani unamzeesha, na sasa hivi hali chakula vizuri."

Fundi alimwonyesha mumewe. Fundi wa lifti aliusoma ujumbe, akarudisha simu, akasema mgonjwa amesema. Alikuwa amerudi mapema siku hiyo, kama alivyorudi mapema karibu wiki yote, na alikuwa jikoni anakata vitunguu kwa bidii ya mtu asiyekizoea kisu.

Fundi alikaa kwenye kochi. Iliwezekana vipi? Vidole vyake vililelewa kuwaheshimu wazee. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akafumba macho akautuma ujumbe. "We kichwa boga. Ukuta huo nani kakujengea?"

Chura alizunguka ukuta mara moja, akitazama. "Mimi," aliandika. "Una kasro gni?"

Alimweleza kasoro. Zilikuwa nyingi. Jua lilipozama walikuwa wamekwisha kuubomoa nusu, na majini yalipotoka alimwambia akimbie, naye akakimbia upande usio wake, na fundi akamtukana kwa herufi kubwa, uso ukiwaka moto kwa aibu, na walishinda, kwa tabu. Walipokuwa wanapumua juu ya paa la nyumba ya Chura, ambako wachezaji hupenda kukaa kutazama mawingu yakibadilika rangi, alimwuliza jambo lililokuwa limemkaa kooni tangu siku ya hospitali.

"Unamkumbuka yule msichana?"

Jikoni mafuta yalianza kulia, mumewe akakohoa kwa moshi wa vitunguu.

"Kila siku," alijibu Chura. "Jana nimeona madftari ya shule dukani, nikataka kumnnulia." Kisha baada ya muda, "Na wewe yule mvulana?"

"Kila siku."

Kisha Chura alisema mkewe leo ametembea hadi getini na kurudi bila kushikwa, amechoka lakini anajisifu. Fundi alisema hongera zake, Jumapili watakuja kumwona, yeye na baba. Akasikia anaitwa mezani. Aliaga, akaiweka simu kifudifudi kwenye kochi, akaenda kula vitunguu vilivyoungua.